Pesa Iliyozidi Ni ya Nani?
Hapa Nateete, Kampala, mimi hunadi viatu vya mitumba katika kundi la WhatsApp. Wanunuzi hulipa kwa simu, huduma ambayo MTN iliianzisha Uganda mwaka 2009. Mmoja alishinda mnada kwa shilingi 60,000, zikaingia 90,000 zenye jina la mtu mwingine. Akataka ziada niitume kwenye namba ya tatu. Nilipokataa alifoka: “Dada, unaniona mwizi?”

Je, kukataa ni kumdhulumu? Naona sivyo. Huenda mwenye pesa hajui kwamba zimetumwa, wala hayupo kujitetea. Siwezi kumheshimu mnunuzi kwa kutoa haki ya mtu huyo. Ziada hurudi kwenye namba ilikotoka. Na kwa kuwa sharti hilo ni la wote, halimtukani yeyote.