Kitabu cha kutuliza moyo: ni pumziko ao ni uongo?

Kuna vitabu vinavyotuamsha, na kuna vitabu vinavyotutuliza. Leo nataka kusema juu ya hivi vya pili. Ndani yao kuna wizi, hata kifo, lakini damu haionyeshwi. Mpelelezi ni mtu wa kawaida, anapenda chai na majirani yake, na mwishoni kila jambo linarudi pahali pake. Wengi wanavisoma usiku, kisha kazi ya mchana. Je, ni pumziko la haki, ao ni uongo mtamu?

Jirani yangu, mama mmoja mjane, aliniazima kitabu cha namna hiyo kwa Kifaransa. Mwandishi ni Alexander McCall Smith, aliyezaliwa Bulawayo mwaka 1948, na kitabu kilitoka kwa Kiingereza mwaka 1998. Kinamhusu Precious Ramotswe, mwanamke wa Botswana, aliyeuza ngombe za urithi wa baba yake na kufungua kazi ya upelelezi Gaborone, chini ya mlima Kgale. Nilipokirudisha, mama akaniuliza: «Baba, umekionaje? Usinifurahishe. Sema kweli.»

Hapo nilinyamaza kwanza. Mama huyu alizika mtoto wake mwaka uliopita, na ndicho kitabu alichosoma katika miezi ile ya kilio. Kusema «kizuri sana» na kwenda zangu, ilikuwa rahisi. Lakini sifa ya namna hiyo siyo upendo. Ni njia ya kumkimbia mtu.

Nikaanza na mazuri yake. Kitabu ni cha upole, lakini hakifichi taabu yote. Baba ya Precious alifanya kazi katika mashimo ya Afrika ya Kusini, na mavumbi yakaharibu kifua chake. Sisi watu wa Katanga hatuhitaji kufasiriwa neno hilo. Mume wa kwanza alimpiga Precious, na mtoto wao mchanga akafa. Huyu mwanamke anayecheka na kunywa chai amekwisha kulia. Kwa hiyo ninausadiki upole wake.

Kisha nikasema lisilonipendeza. Katika kitabu kile mtoto mwanamume anaibwa, na watu wanaogopa kwamba ameuawa kwa ajili ya dawa za uchawi. Mwishoni Precious anamkuta mzima, anamrudisha kwao. Lakini mwaka 1994, katika mji wa Mochudi, ndiko nyumbani kwa Precious, msichana wa miaka kumi na mine alikutwa amekufa. Watu walisema ameuawa kwa ajili ya dawa, na mwaka 1995 hasira yao ikaleta fujo hata Gaborone. Yule hakurudi. Nikamwambia mama: «Pale kitabu kimelegeza mambo magumu kupita kiasi.»

Mama alitazama mikono yake. Akajibu: «Baba, nilijua tangu mwanzo kwamba mtoto wa kweli harudi. Lakini usiku mmoja nilitaka kuona mtoto anarudi kwa mama yake. Asubuhi niliamka, nikaoga, nikaenda kwenye kilio cha jirani. Mbele ya hapo sikuweza kufika kilioni kwa mtu.»

Neno hilo lilinifundisha. Nilikuwa nikipima kitabu kwa mwisho wake tu. Yeye alikipima kwa asubuhi iliyofuata.

Je, maana yake kila kitabu kitamu ni kizuri? Hapana. Kivuli cha mwembe ni kwa msafiri: anaketi, anapumzika, anaendelea na njia. Anayejenga kitanda chini ya mwembe hatafika kwao. Mtu akisoma kitabu cha kumi ili asisikie mke wake anavyomwita, hapumziki tena, anajificha.

Na tuchague pia. Nimesoma tena hadithi za Padri Brown, alizotunga Chesterton, Mwingereza aliyeingia katika Eklezia Katolika mwaka 1922. Kitabu cha kwanza kilitoka mwaka 1911. Nasema wazi: pahali pengine zinataja watu weusi na watu wa Asia kwa dharau ya siku zile, na dharau hiyo ni mbaya. Lakini padri huyu mfupi ana siri kubwa, naye anaieleza katika kitabu cha mwaka 1927: anamgundua mwuaji kwa kutafuta ndani ya moyo wake mwenyewe, mpaka aone namna gani yeye pia angeweza kuua. Flambeau, mwizi mashuhuri, anaacha wizi kwa sababu padri alimwona kuwa mtu. Hadithi hiyo inachekesha na kutuliza, lakini haituachi tujidhani wema kuliko wengine.

Basi, wasomaji, rafiki akikuuliza umekionaje kitabu chake, usimdanganye, wala usimwaibishe. Taja jema lake kwanza, kisha taja kosa, kisha umwulize: «Na wewe, kilikusaidia nini?» Ngoja jibu lake. Pengine ndilo litakalokufundisha kusoma.