Nani Anapima Posho?

Kuna hoja moja tunayoipenda sana sisi watu wa vitabu: kwamba kazi nzuri huzaliwa na njaa. Mwandishi akishiba, tunasema, kalamu inalala. Tunaitaja dhiki kana kwamba ni shule, na tukikutana na mshairi anayelipwa vizuri tunamwangalia kwa wasiwasi kidogo. Siku hizi hoja hii imepata shahidi kutoka maabara, na wengi wanaondoka kabla hajamaliza kutoa ushahidi wake. Tumsikilize mpaka mwisho.

Shahidi mwenyewe ni bakteria. Ndani ya udongo kuna jamii ya bakteria wanaoitwa Streptomyces, ambao wanachangia ile harufu tunayoisikia mvua ya kwanza ikinyesha. Mwaka 1943, katika maabara ya Selman Waksman kule Marekani, mwanafunzi wake Albert Schatz alipata kutoka kwao streptomaisini, dawa ya kwanza ya antibiotiki iliyofaa kutibu kifua kikuu. Wataalamu waliofuatia walikuta jambo la ajabu. Ukiwapa bakteria wa aina hii glukosi nyingi, yaani sukari rahisi kabisa kuliwa, wanakua na kuongezeka haraka, lakini mara nyingi dawa hawatoi, au wanatoa kidogo. Fosfeti ikizidi, mambo ni yaleyale. Chakula kikianza kupungua ndipo dawa inaanza kutoka. Hata ukungu wa penisilini una tabia inayofanana na hiyo. Miaka ya 1940, watafiti wa Peoria, jimbo la Illinois, waliulisha laktosi, sukari inayoliwa polepole, pamoja na maji yanayobaki viwandani baada ya kuloweka mahindi ya kutengenezea wanga. Mavuno yakapanda mara nyingi.

Hapo ndipo mwenye hoja anapopiga makofi na kusimama aondoke. Si nilisema? Shibe inalaza, njaa inaamsha.

Lakini ushahidi haujaisha. Bakteria aliyenyimwa chakula tangu siku ya kwanza hatoi dawa yoyote. Anadumaa, anakufa, au anajifunga kama mbegu kavu akisubiri siku njema. Ili atoe dawa ni lazima kwanza ale, akue, ajaze chombo. Dawa yenyewe inajengwa kwa malighafi iliyotoka kwenye chakula hichohicho. Ndiyo maana viwandani hawawashindishi bakteria njaa. Wanawalisha vizuri mwanzoni, kisha wanaendelea kuwapa kidogo kidogo kwa siku nyingi, chakula kisizidi wala kisikatike.

Tena si suala la kiasi tu. Chukua mfano wa jirani zetu. Kuna dawa ya kisukari inaitwa akabosi, inayochelewesha wanga kugeuka sukari tumboni, na kwa sisi wala ugali hilo si jambo dogo. Inatengenezwa na bakteria wa jamii ya Actinoplanes, aina ya SE50, ambao imeripotiwa walitoka Ruiru, Kenya. Bakteria hao wakilishwa maltosi wanatoa dawa vizuri, kwa sababu maltosi inaingia moja kwa moja katika mwili wa dawa. Wakilishwa galaktosi wanakua, ila dawa karibu haionekani. Kumbe swali lina sehemu tatu: chakula gani, kiasi gani, na wakati gani. Neno “njaa” halijibu hata moja.

Kwa haya yote sisi tuna neno la zamani kuliko maabara, nalo ni posho. Karne ya 19, misafara iliyotoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji, karibu kilomita 1,200, ilikwenda kwa posho. Mpagazi Mnyamwezi alibeba pembe au majora ya nguo, mzigo wa kilo 30 hivi, na mara nyingi alipewa kitambaa au shanga ili anunue chakula njiani. Kati ya Ugogo na Unyanyembe kulikuwa na pori walilolipa jina la Mgunda Mkali, lenye maji ya shida na vijiji vichache. Ukisoma simulizi za wasafiri wa wakati ule, unaona uhodari wa wapagazi ukisifiwa sana. Lakini angalia ratiba yao. Wanyamwezi wengi waliondoka kiangazi, wakapanga kurudi nyumbani kwa kilimo cha masika. Safari ilianza ghala likiwa na kitu. Na posho ilipopunjwa, walitua mizigo wakagoma, au walitoroka usiku. Mgunda Mkali uliwajaribu wapagazi, ila kilichowavusha ni chakula na makubaliano.

Tabora hiyohiyo ina mfano mwingine. Tunapenda kumsimulia Julius Nyerere kama kijana aliyetoka kijijini bila kitu. Ukweli ni kwamba alikuwa mtoto wa Chifu Burito wa Wazanaki, na mwaka 1937 aliingia Tabora School, shule ya bweni ambayo Waingereza waliijenga wakiwalenga zaidi watoto wa machifu. Alilala pahala pamoja, alikula kwa saa, alikuwa na vitabu. Hilo halipunguzi akili yake hata chembe. Linatuuliza tu ni wangapi wenye akili kama yake walibaki nje ya lile bweni, na dhiki yao haikuzaa chochote ambacho tungeweza kukisoma leo.

Sasa niwe mkweli kwa upande wa pili, maana nao una haki. Shibe ya kupitiliza inalaza kweli. Glukosi ile inazima kazi, na wapo waandishi waliopata vyeo wakaishia kuandika hotuba. Mtu anahitaji kitu cha kupambana nacho. Hilo nalikubali. Nisichokubali ni kuruka kutoka hapo kwenda kwenye hitimisho kwamba kumnyima mtu ni kumsaidia.

Kwa nini? Kwa sababu kwenye pipa la kiwandani kuna mtu ameshika bomba la chakula. Anabana si kwa faida ya bakteria, anabana kwa faida ya dawa. Kwa bakteria hakuna ubaya, bakteria hana malalamiko. Lakini ukihamisha mfano huo kwa watu, lazima umhamishe na mshika bomba. Kila tunaposikia kwamba shida inamjenga msanii, tuulize nani anasema, na yeye jioni anakula nini. Wahenga walishasema mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Mimi naongeza kwamba mara nyingine anamjua vizuri tu, na anavuna kwake.

Hata habari ya Ruiru ina mkia wa namna hiyo. Mwaka 2006 ripoti ya Edmonds Institute ya Marekani iliitaja akabosi miongoni mwa bidhaa zilizotokana na viumbe vya Afrika bila ushahidi wa makubaliano ya kugawana faida. Udongo ulitoa, na posho yake haikuandikwa popote.

Katika kazi yangu ya uandishi wa habari nimeshaambiwa na mhariri kwamba makala yangu haitalipwa lakini “itanijenga”. Wasomaji wengi wa ukurasa huu wanaoandika wameshaambiwa hivyo pia. Jibu langu siku hizi ni fupi: nitajengwa kwa malighafi gani? Mtu akitaka hadithi nzuri kutoka kwa kijana wa Urambo au Sikonge, ampe muda, vitabu na nauli, halafu amdai kazi ngumu. Hivyo viwili vinakwenda pamoja. Anayedai kazi ngumu peke yake, huku mkono wake umebana bomba, asituambie kwamba anafundisha.