Chapati Si Dhambi

Sikiliza wanawake wakiongea baada ya kula. "Leo nimekuwa mbaya, nimekula chapo tatu." "Wacha nijiharibu leo, kesho nitajirekebisha." Kesho ni Jumatatu, na Jumatatu ndiyo siku ya toba: maji ya ndimu, tango, kilomita tano. Ukiondoa jina la chakula kwenye sentensi hizo, utadhani mtu ameiba.

Swali langu ni moja: kosa ni lipi hasa? Nani ameumizwa na chapati ya tatu?

Si ati chakula hakina maadili. Kinayo, na lugha yetu inayajua. Kuna mchoyo, anayefunga mlango akisikia hodi wakati wa kula. Kuna mlafi, ambaye kwetu nyumbani alikuwa yule anayejipakulia nyama zote na kuwaachia wenzake mchuzi. Kuna anayetupa ugali na jirani amelala njaa. Katika makosa haya yote kuna mtu wa pili, aliyenyimwa. Lakini kama kila mtu ameshiba, chapati ya tatu haijamnyima mtu. Hatia imetolewa mahali pake ikapachikwa kwenye kiuno cha mwanamke.

Na kuna wanaopata pesa kwa kuipachika. Mimi huandika kwa malipo, tangu niache chuo mwaka wa pili karo ilipokatika. Mteja mmoja wa chai ya kupunguza tumbo alinitumia orodha ya maneno anayotaka kwenye tangazo: "nidhamu", "bila hatia", "unastahili". Hakukuwa na neno hata moja kuhusu kilichomo ndani ya hiyo chai. Alikuwa anauza msamaha.

Mwanamke wa Nairobi ana mahakama mbili. Akirudi ocha amekonda, shosho anauliza kama mji unamtesa, na kukataa sahani ni kumtukana aliyepika. Huko, "umenona" ni baraka. Akirudi mtaani, neno lile lile ni kofi. Kwa hivyo anakula mbele ya shangazi, halafu anajiadhibu wiki nzima. Wengi wetu tunaishi hivyo na maisha yanaendelea. Kwa wengine inageuka ugonjwa.

Chuoni niliishi na msichana aliyependa sana kutupikia: pilau, maharagwe ya nazi, mandazi ya Jumapili. Alitupakulia, kisha akakaa akitutazama, yeye ameshika kikombe cha chai ya rangi bila sukari. Sketi zake zilizidi kulegea, na kila aliyekutana naye alimwambia, "Ebu tupe siri." Kwenye korido hiyo hiyo kulikuwa na mwingine, mwenye mwili mkubwa, aliyekula usiku peke yake, haraka, halafu akaficha makaratasi chini ya kitanda. Huyo aliambiwa ajipende, maana yake ajinyime. Mmoja alisifiwa, mwingine alilaumiwa, lakini ukiwasikiliza, wote wawili walikuwa wakiwaza chakula kutwa kucha, kwa woga.

Tunapenda kuamini kwamba huo ni udhaifu wa moyo. Kati ya 1944 na 1945, Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, aliwachukua wanaume 36, waliochaguliwa kwa sababu walikuwa timamu wa mwili na akili, akawapunguzia chakula hadi karibu nusu kwa miezi sita. Wanaume hao, ambao hakuna aliyewahi kuwaambia suruali imewabana, walianza kusoma vitabu vya mapishi, kuota chakula na kulamba sahani. Waliporuhusiwa kula tena, baadhi walikula wakashindwa kusimama. Ugonjwa wa kula una mizizi mingi, lakini hapo tunaona njaa peke yake inavyoweza kumfanyia mtu asiye na kasoro yoyote ya tabia.

Macho ya watu nayo yana kazi yake. Televisheni ilifika eneo la Nadroga, Fiji, mwaka 1995, mahali ambapo mwili mnene ulikuwa heshima. Mtafiti Anne Becker aliwahoji wasichana wa shule mwaka huo na tena 1998. Mara ya kwanza hakuna aliyesema hujitapisha ili apungue. Mara ya pili walikuwa asilimia 11.3.

Utaniuliza: na afya je? Kisukari ni kweli, presha ni kweli. Nakubali. Uchunguzi wa kitaifa wa afya nchini Kenya ulionyesha kwamba asilimia 25 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi mwaka 2008-09. Kufikia 2014 walikuwa asilimia 33. Sasa niambie, wanawake wa nchi nzima walipoteza nidhamu pamoja ndani ya miaka mitano? Ukitafuta sababu, anza na kazi ya kukaa kutwa, chipsi na soda kwenye kila steji, na bei ya gesi ya kuchemsha githeri mpaka iive. Kumlaumu mtu mmoja mmoja ni rahisi kuliko kugusa hayo, na lawama haijawahi kumponya mtu kisukari.

Afya ni kitu cha kutafuta, kama kazi au usingizi, na kuikosa si ushahidi wa roho mbaya. Daktari ana haki ya kuongea na mgonjwa wake kuhusu kilo. Mimi niliyekutana nawe kwenye matatu sina haki hiyo, hata ya kukusifu. Sijui umekonda kwa nini. Huenda ni mazoezi, huenda ni msiba, huenda ni kidole kooni kila usiku, na sifa yangu itakwambia uendelee.

Kwa hivyo nitakusalimia, nitakuuliza habari za nyumbani, na kilo zako nitakuachia. Ukija kwangu nitakupakulia, nitakuuliza mara moja kama nikuongezee. Ukisema umetosheka, nitakuamini. Ukitaka chapati ya tatu, sahani ndiyo hiyo.