Saa ya Maji Nyamisati
Katika bandari ya Nyamisati wilayani Kibiti, ambako vyombo huondoka kwenda Kilindoni, Mafia, ratiba haina budi kuyatii maji, kwa kuwa baadhi ya mikondo ya delta ya Rufiji hubakiwa na maji haba yanapokupwa, na chombo kilichochelewa hukwama kwenye tope kando ya mikoko. Kwa vile wakati wa maji kujaa husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku, abiria aliyeondoka jana saa 2 asubuhi ni vyema leo aulizie upya. Wakati wa bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hujaa sana, kisha hupwa sana. Hapo neno la nahodha ndilo la kufuatwa, hata kama simu ya abiria inaonyesha kwamba muda bado upo.