Usikate Waya, Mwanangu

Mwanangu, hebu weka hiyo bisibisi chini kwanza. Najua una haraka. Unataka mwezi ujao uwe unatoka Kigongo kwenda Busisi juu ya lile daraja la kilomita 3 lililozinduliwa Juni 2025, vioo umeshusha, Datsun 240Z yako inanguruma. Sikukatazi. Ila nimeona umeshika koleo mkono wa pili, na koleo kwenye kazi hii ya kutoa dashibodi lina kazi moja tu, kukata. Haya nitakayokuambia nimeshawaambia vijana wa Igogo, wa Mabatini, wa Nyakato, na kuyasema kumenichosha. Nitayasema tena kwako, polepole, kwa kuwa gari hilo nalipenda na wewe nakupenda.

Pita nyuma ya gereji za mji huu uone magari yaliyofunguliwa dashibodi yakaishia hapo. Gari liko chini ya mwembe, matairi yamekaa chini, nyaya zinaning'inia mpaka kwenye pedeli, kuku ametagia kiti cha dereva. Mwenyewe alianza kwa nguvu kuliko wewe. Asubuhi moja alikuwa ameshamaliza kufungua. Skrubu zote alizitia kwenye kopo moja la rangi, ndefu kwa fupi, za dashibodi na za milango, na kabla ya wiki kwisha mtoto akalimwaga kopo. Ndipo gari linaletwa kwangu, nusu likiwa kwenye maboksi, na naulizwa, "Mzee, itachukua siku ngapi?" Nitajuaje, baba? Kufunga kunataka kumbukumbu ya vitu ambavyo wakati wa kufungua hakuna aliyevitazama.

Tena usimlaumu aliyekuwa na gari lako kabla yako kwa huo ufa wa dashibodi. Chini ya hiyo ngozi kuna sponji, na chini ya sponji kuna fremu ya chuma. Hapa Mwanza tuko karibu nyuzi 2 na nusu tu kusini mwa ikweta, jua linatupiga utosini, na kioo cha mbele cha 240Z kimelala sana, kwa hiyo dashibodi inaokwa mchana kutwa. Kile kinacholainisha plastiki kinapotea kidogo kidogo, sponji inakakamaa. Chuma kinatanuka mchana na kusinyaa usiku, lakini ngozi iliyokauka haiwezi tena kukifuata. Inachanika. Dashibodi za aina hii zimepasuka hivyo hivyo hata kwenye nchi za baridi kuliko kwetu.

Watakuja watu kukushauri ufuate resini kwa mafundi wa boti za faiba. Kwenye boti ni dawa nzuri. Kwenye dashibodi inakauka ikawa ngumu kuliko sponji iliyoizunguka, na baada ya kiangazi kimoja ufa unarudi pembeni ya kiraka. Tafuta fundi atakayekata kingo zilizonyanyuka, ajaze foma inayonyumbulika, apige msasa mpaka mkono usihisi kitu, ndipo avalishe ngozi mpya. Ukiamua kuagiza nyingine au ganda la kufunika, soma tangazo mpaka mwisho. Nyingi ya 240Z ziliuzwa Marekani, na huko usukani uko kushoto. Vijana wametuma pesa wakaletewa dashibodi ambayo tundu la usukani liko upande wa abiria.

Na ujue umeshika nini. Mbio za magari za Safari zilianza 1953, Kenya, Uganda na Tanganyika, wakati wa kutawazwa Malkia Elizabeth. Mwaka 1971 Edgar Herrmann alizishinda kwa 240Z kama hiyo. Mwaka 1973 akashinda Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, naye kwa 240Z, msomaji ramani wake akiwa Lofty Drews. Mwaka ule Mehta alilingana pointi na Harry Källström, naye akiendesha Datsun, ikabidi kanuni iamue. Sisi tuliokulia kwenye barabara za vumbi tunalijua jina la gari hilo. Ndani yake hakuna kompyuta. Lilitengenezwa lifunguliwe kwa spana na bisibisi na lifungwe tena kwa hizo hizo, ilimradi kila kitu kilichofungwa kiwandani kipo.

Basi anza na betri. Toa waya wa hasi, uufunge kitambaa, uuweke mbali. Usinijibu kwamba swichi umeshazima. Katikati ya dashibodi una geji inayoonyesha petroli na ampea pamoja, na umeme mwingi wa gari hupita kwenye ile ampea kabla ya kufika kwingine. Nyaya zake mbili nene zina moto hata ufunguo ukiwa mfukoni mwako. Spana ikigusa pale na bodi kwa pamoja, utavuta moshi kabla hujajua umetoka wapi.

Kisha piga picha. Simu unayo kila saa mkononi, leo ifanye kazi. Piga kabla hujagusa, piga kila unapotoa kitu. Kata tepu ya karatasi, andika jina kwa kalamu ya wino usiofutika, bandika pande zote mbili za kila soketi. Skrubu za kila sehemu zikae kwenye mfuko wake, na mfuko uandikwe.

Sasa sikiliza vizuri hapa, maana hapa ndipo magari yanapofia. Ukifika nyuma ya geji utakuta fungu la nyaya zimekaa nusu karne, zimeshika vumbi, zote zinaonekana kijivu. Wavu ukijisokota, mvuvi wa Kirumba haukati; anaketi mwaloni anaufumua. Na wewe keti. Chukua kitambaa chenye spiriti kidogo, pangusa waya mmoja taratibu, utaona rangi inajitokeza: mwili rangi moja, na mstari mwembamba wa rangi nyingine umepita juu yake. Huo mstari ndio utakaokurudisha mahali pake. Soketi ya plastiki ina kikucha kidogo ubavuni. Kiinue kwa ncha ya bisibisi nyembamba, shika soketi yenyewe kwa vidole, vuta ikiwa imenyooka. Usivute waya. Ikigoma, ipashe kwa hewa ya moto ya mashine ya kukaushia nywele, ngoja, jaribu tena. Ikikatika huipati dukani hapa mjini. Na aliyekata waya mmoja "kurahisisha" atakata wa pili, na wa tatu, kisha ataziunga zote kwa tepu nyeusi, na hapo hata mimi sina la kukusaidia.

Kebo ya spidomita ina nati ya kuzungusha kwa vidole, ifungue kabla ya kuvuta dashibodi. Legeza kishikio cha shafti ya usukani uushushe. Toa paneli ya hita na redio. Bolti ziko juu karibu na kioo, ziko pembeni karibu na milango, ziko chini. Dashibodi ikikataa kutoka, ipo bolti hujaiona. Tafuta kwa tochi, usitumie bega. Muwe wawili mnapoitoa, muilaze juu ya godoro, kivulini.

Ikiwa nje, usikimbilie kuirudisha. Kwenye gari hili umeme wote wa taa kubwa unapita kwenye swichi ya pembeni mwa usukani, hakuna relei, na swichi hizo huungua taratibu. Ukifunga balbu kali unazimaliza haraka zaidi. Weka relei sasa, wakati mkono unafika. Safisha boksi la fyuzi, badilisha balbu zote za geji, na mabomba ya hewa ya kioo uyakague. Bila hayo, mvua ya masika itakukuta huoni mbele.

Wakati wa kurudisha, ingiza bolti zote kwa vidole kwanza, usikaze hata moja mpaka zote zimekaa. Unganisha umeme kabla hujafunga vifuniko. Washa taa, indiketa, waipa, honi, feni ya hita, kimoja kimoja, uone geji zikipanda. Kisha endesha usiku mmoja mpaka Buhongwa na kurudi. Droo ya upande wa abiria iache ya mwisho kabisa, kwa kuwa kupitia tundu lake ndipo mkono unapofika nyuma bila kufungua kingine.