Mkono na Sahihi

Katika vijiji vya Mkange, njia ya kuelekea Saadani, duka likichorwa chupa ya soda au mkasi wa kinyozi ukutani, hakuna amwulizaye mchoraji. Picha ikisomeka imetimiza wajibu wake. Itiwe fremu na kuvushwa bahari, swali la kwanza litakuwa: mkono wa nani?

George Lilanga (1934–2005) aliishi baina ya desturi hizo mbili. Mzaliwa wa Kikwetu, Masasi, alikulia katika uchongaji wa Kimakonde, na alipofika Dar es Salaam aliingia Nyumba ya Sanaa kwanza kama mlinzi. Humo mashetani ya vinyago yakahama kutoka mtini hadi kwenye ubao: masikio mapana, matumbo yaliyotuna, rangi kali zisizo na kivuli, na pengine sentensi nzima ya Kiswahili kuwa anwani. Mpenzi wa katuni huyatambua mara moja. Vivyo hivyo mzoefu wa michoro ya kuta za mijini. Wahakiki humlinganisha na Keith Haring, aliyechora kwa chaki katika vituo vya treni za chini ya ardhi za New York miaka ya 1980, na wapo wadaio kwamba Haring alichota kwake. Ubishi huo ni mtamu, lakini hauna uzito mkubwa. Mistari husafiri kama bahari za ushairi; hakuna aliyeshtakiwa kwa kutunga utenzi eti kwa kuwa mwingine alitangulia.

Uzito umo karakanani mwake. Kisukari kilimpotezea miguu, na miaka ya mwisho jamaa na wanafunzi walimsaidia kazi. Basi si kila ubao wenye jina lake ulipita mikononi mwake peke yake. Je, huo ni udanganyifu?

Mtetezi atasema katuni nazo hufanywa hivyo: mmoja hubuni, mwingine hutia wino. Atataja pia Edward Saidi Tingatinga, aliyeuawa kwa risasi mwaka 1972, ambaye jina lake limekuwa jina la ufundi mzima. Hoja ni njema, ila imeruka jambo moja. Mchoraji wa Tingatinga hutia jina lake mwenyewe pembeni. Aliyemfuata bwana mkubwa hakutiwa popote. Mwandishi anayenakili shairi la mwenziwe hadai kitu. Lakini akitunga beti tatu, kisha beti ya tamati ikataja jina la mwingine?

Mnunuzi wa Ulaya hulalamika kwanza, naye ana mahakama na wataalamu wa kumsemea. Kijana aliyepaka rangi alipata chakula na ufundi kwa mzee asiyeweza kusimama, na huenda alishukuru. Sikio lile pana, alilolipinda kwa namna yake, linaning'inia sasa katika nyumba ya mtu asiyejua kwamba yeye yupo.