Kamba ya Pia

Mjukuu wangu hapa Mpanda huchezesha pia ya mti kwa kijiti chenye kamba ya gome la myombo, gome lile lile wanalofungia mizinga warina asali wa Katavi. Kamba ikichakaa hukatika nchani. Huipiga fundo, na fundo jingine, hadi inakuwa fupi mno, ndipo huchuna mpya. Kijiti nacho kilishabadilishwa. Bado anakiita cha kaka yake.

Plutarch, mwandishi Mgiriki wa kale, aliandika kuhusu merikebu ya Theseus, shujaa wa hadithi za Athene: Waathene waliibadilishia mbao zilizooza, wanafalsafa wakabishana kama ni ile ile. Mimi nasema ni ile ile, maana kila kipande kipya kiliungwa na cha zamani kilichokuwa bado kazini. Mjukuu wangu naye angetupa kijiti na kamba vyote siku moja akanunua cha plastiki sokoni, hicho kingekuwa kingine.